Nafsi, Kiti na Jirani: Maoni Juu ya Ubuddha, Saikolojia ya Kina na Uponyaji Katika Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kati ya bonde la Jangwani na Upanga, jijini Dar es Salaam, hapana masafa marefu. Mtu atokaye Kariakoo kwa miguu aweza, katika muda wa asubuhi moja, kupita mahali patatu ambapo binadamu hutafuta kuponywa maradhi yasiyoonekana mwilini. Pa kwanza ni kilinge cha mganga. Pa pili ni Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambapo pamoja na tiba ya magonjwa ya akili, ilianzishwa mwaka 1974 sehemu ya utafiti wa dawa za asili, ikapandishwa hadhi kuwa taasisi mwaka 1991. Pa tatu, ambapo wakazi wengi wa jiji hupita bila kupatambua, ni hekalu la Kibuddha la Upanga, lililoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka.

Ujirani huu wa mahali haujazaa ujirani wa fikra. Wasomi wa nchi za Magharibi wamekwisha kuandika mengi kuhusu jinsi Ubuddha na saikolojia ya kina zinavyokutana katika kumponya mtu binafsi. Maandishi hayo sasa husomwa na wanafunzi wetu, na baadhi yake yameanza kufasiriwa kwa Kiswahili. Hoja ya makala haya ni kwamba mkutano huo, kama unavyoelezwa kwa kawaida, umeacha nyuma jambo ambalo lilikuwamo katika pande zote mbili tangu awali, nalo ni kwamba mtu hapori jeraha la moyo akiwa peke yake. Jambo hilo huonekana wazi zaidi linapotazamwa kutokea Kariakoo na Jangwani, na kwa msamiati wa Kiswahili wenyewe.

2.0 Mkutano na mipaka yake

Carl Gustav Jung aliandika dibaji ya toleo la Kijerumani la kitabu cha D. T. Suzuki kuhusu Uzen, lililotoka mwaka 1939. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1937 na 1938, alikuwa amesafiri India na Ceylon. Mwaka 1957 Erich Fromm alimkaribisha Suzuki na wataalamu kadhaa wa uchanganuzinafsi katika mji wa Cuernavaca, Mexico, na mazungumzo yao yakazaa kitabu mwaka 1960. Tangu hapo njia hii imekanyagwa na wengi.

Makubaliano ya pande hizi mbili si ya kubeza. Zote hushikilia kwamba maumivu yanayokimbiwa hurudi kwa sura nyingine. Zote humtaka mtu atulie na kuyatazama yanayopita ndani mwake bila kuyakana na bila kutekwa nayo. Zote hukubali kwamba binadamu hajijui kama anavyodhani. Hata hivyo, Jung mwenyewe aliwaonya Wazungu wenzake wasivae mazoezi ya Mashariki kama nguo ya kuazima. Onyo hilo lilikuwa na msingi, kwani pande hizi huachana mahali pamoja pakubwa. Kwa Jung, kupona ni safari ya kuifikia nafsi kamili, ambayo vipande vyake vilivyotupwa gizani vimeokotwa na kuunganishwa. Kwa Buddha, kile ambacho mtu hukiita nafsi ni mkusanyo wa mambo yapitayo, na dhiki hutokana na kukishikilia kana kwamba kina kiini cha kudumu. Mmoja anataka nafsi itimie, na mwingine anataka mtu aache kuing'ang'ania.

3.0 Tatizo la istilahi

Mfasiri wa Kiswahili anayeshughulikia fikra hizi hukuta neno moja tu mkononi, yaani nafsi. Neno hilo si chombo kitupu. Kwa Waswahili lina elimu yake, iliyopokewa kutoka katika Kurani na kuendelezwa na masufii: kuna nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotua. Mwenyeji wa Kariakoo anapoambiwa “ikamilishe nafsi yako” aweza kusikia kwamba anahimizwa kuyapa matamanio yake nguvu. Anapoambiwa “nafsi haipo” aweza kusikia kwamba hakuna wa kuulizwa Siku ya Hukumu. Katika hali zote mbili aliyekuja kutafuta nafuu huondoka na fadhaa mpya. Hii ndiyo sababu suala la istilahi hapa si mchezo wa wanaisimu. Kosa la neno laweza kuwa kosa la tiba.

Mfano wa pili ni istilahi iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi, yaani ung'amuzibwete, kwa maana ya sehemu ya akili isiyofikiwa na ufahamu. Neno bwete huashiria uvivu na kukaa bure, kama tusemavyo fulani amekaa bwete. Lakini wanasaikolojia wa kina hudai kinyume chake: sehemu hiyo haikai bure hata kidogo. Ndiyo inayotunga ndoto, inayochagua maneno yanayotuponyoka na inayowafukuza watu usingizini. Istilahi inayoita bwete jambo linalofanya kazi usiku na mchana humpotosha mwanafunzi kabla hajaanza kusoma.

Wakati huohuo, Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri hawajaigusa. Katika uganga wa pwani, mgonjwa aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo huulizwa jina lake, hutajiwa asili yake, husikilizwa madai yake, na mapatano hufungwa mbele ya watu. Dhana ya kiti haisemi kwamba pepo ni sehemu ya mgonjwa iliyopaswa kurudishwa ndani, wala haisemi kwamba ni wingu la kutazamwa mpaka lipite. Inasema kwamba ndani ya mtu pana nafasi ya kukaliwa, na kwamba anayeikalia lazima azungumze na jamii. Mtu si lazima aamini kuwapo kwa pepo ili akubali kwamba nadharia hii ina uzito. Vivyo hivyo neno mteja: dukani Kariakoo ni mnunuzi, kilingeni ni mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga, na umbo lake la mitaani, teja, ndilo jina la kijana aliyenaswa na heroini, ambaye tangu mwaka 2011 aweza kupata tiba ya methadoni Muhimbili. Katika matumizi yote matatu mteja ni mtu aliyefungamana na wengine, kwa heri au kwa shari.

4.0 Elgon na mbegu ya haradali

Kwamba uponyaji ni jambo la watu wengi si hoja inayoletwa kutoka nje ili kuwapinga Jung na Buddha. Imo katika visa vyao wenyewe.

Mwaka 1925 Jung aliwasili Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaendelea mpaka Mlima Elgon. Huko aliishi kwa majuma kadhaa miongoni mwa watu aliowaita Waelgonyi, akizungumza nao kwa Kiswahili huku akisaidiwa na kamusi. Saikolojia ya kina, basi, iliwahi kuuliza maswali yake kwa lugha hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, Jung anasimulia jinsi alivyomuuliza mganga mzee kuhusu ndoto. Mzee alimjibu, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani waganga waliota na kujua habari za vita, maradhi na mvua, lakini tangu kuja kwa Wazungu ndoto hizo zilikoma, kwa kuwa sasa mkuu wa wilaya ndiye aliyejua kila kitu. Jung alijifunza pia kwamba watu hao walitofautisha ndoto ndogo, ambayo ni ya mwotaji tu, na ndoto kubwa, ambayo ni mali ya watu wote na hupasa kusimuliwa hadharani. Wafuasi wake wengi waliichukua ndoto wakaifungia katika chumba cha watu wawili, mgonjwa na tabibu. Machozi ya mzee yule yalikuwa ya kupotewa na baraza la kuisikiliza ndoto.

Upande wa Ubuddha, kisa mashuhuri cha majonzi ni cha Kisagotami, mama aliyefiwa na mwanawe mdogo akazunguka na maiti akiomba dawa. Buddha hakumwambia afumbe macho atafakari. Alimtuma akalete mbegu ya haradali kutoka katika nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Mama akabisha hodi mlango baada ya mlango. Kila nyumba ilikuwa na haradali, na kila nyumba ilikuwa na marehemu wake. Mafundisho kuhusu kupita kwa vitu vyote yalimwingia kwa midomo ya majirani, na tafakuri ilikuja baadaye. Kitabu kinachomfundisha mfiwa kukaa peke yake na pumzi yake, bila kumpitisha kwanza katika milango ile, kimemnukuu Buddha nusu.

5.0 Jangwani

Wakazi wa eneo hili wamepata sababu nyingi za kubisha hodi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na bonde la Msimbazi likaumia vibaya. Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, wakapewa viwanja. Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo na mitaji ya wafanyabiashara. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka palepale Kariakoo likaua watu zaidi ya 20.

Baadhi ya waliohamishiwa Mabwepande walirudi bondeni. Maelezo ya kawaida ni riziki, nayo ni ya kweli. Lakini riziki ya mtu wa Jangwani haikuwa biashara pekee. Aliyefiwa alikuwa na watu wa kukaa naye matanga, wa kumpikia asipoweza kula, wa kumsimulia marehemu wake mpaka jina litamkike bila kwikwi. Kiwanja hugawiwa, jirani hagawiwi. Mshauri nasaha anayempokea mtu wa namna hii na kumfundisha tafakuri pekee humtibu jeraha moja huku akilipuuza la pili, ambalo ni kukatwa na wenziwe.

Pingamizi moja ni lazima lisikilizwe. Jamii huponya, lakini pia huumiza. Madai ya pepo yaweza kumfilisi mume mwenye kibanda kimoja cha biashara. Matanga yaweza kugeuka baraza la umbeya. Mwanamke aliyedhulumiwa na ndugu hana la kuwaambia ndugu haohao, na kwake chumba chenye siri cha tabibu, au ukimya wa hekalu, ni kimbilio la haki. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini si kila mlango unafaa kubishwa. Pingamizi hili halivunji hoja, ila laipa mpaka: faragha ni hatua ya tiba, na tiba isiishie hapo. Kisagotami naye alikaa peke yake, baada ya milango.

6.0 Hitimisho

Katika Kiswahili hata neno binafsi limebeba nafsi ndani yake, na hivyo uponyaji binafsi husikika kana kwamba nafsi ndiyo mwanzo na mwisho wa jambo. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa ambao hospitali na hekalu haziwezi kuutekeleza. Kwanza, istilahi ung'amuzibwete ipitiwe upya. Pili, fikra ya Buddha ifasiriwe kuwa ni kukosekana kwa kiini cha kudumu, si kukosekana kwa nafsi, ili neno nafsi libaki na heshima yake kwa wanaolitumia katika imani zao. Tatu, wanafunzi wa uzamili watumwe Kariakoo, Jangwani na Mabwepande kukusanya maneno ambayo waganga, wauguzi na wafiwa huyatumia kuelezea kuumia na kupoa, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo. Kazi hiyo ikifanywa, mshauri nasaha wa Muhimbili atakuwa na neno la kumwambia mama aliyepoteza mtoto bondeni, na mama huyo atalitambua kuwa ni la kwao.