Sheria ya afya iko kwenye simu yako: isome mbele ya kubishana

Vijana wenzetu wa Bagira na wa Bukavu yote,

Hadithi hii kila mtu hapa kwetu anaijua. Mama anazaa, anapona, munganga anamwambia unaweza kurudi nyumbani. Halafu kwenye mlango anaulizwa fakitire. Franga hakuna. Anarudishwa ndani, mtoto mikononi, siku zinapita na deni linapanda. Jamaa wanazunguka kartiye kuomba mchango. Na sisi vijana? Tunakasirika, tunatumiana odio kwenye WhatsApp. Mmoja anasema sheria inakataza, mwingine anasema sheria inaruhusu. Hakuna hata mmoja mwenye ameisoma.

Msimamo wetu ni huu: hasira peke yake haimtoi mama yule. Maandishi yako, ni ya bure, na mega kidogo zinatosha kuyapata.

Tuanze na Katiba ya 2006. Kifungu cha 47 kinasema haki ya afya imehakikishwa. Kifungu cha 17 kinasema uhuru wa mtu ndio kanuni, na hakuna mwenye anaweza kuzuiliwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa njia yenye sheria imeweka. Kisha kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wenye inchi yetu iliingia mwaka 1976. Kifungu chake cha 11: mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 215, inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida.

Mtu atabisha: hospitali si gereza. Sawa. Lakini kama mlinzi amesimama mlangoni na mama hawezi kupita, ruhusa hiyo imetoka kwenye sheria gani? Uliza namba ya kifungu. Deni ni deni, lidaiwe kama deni: kulipa kidogo kidogo, ama kwenda tribinali.

Hatusemi haya juu ya kupigana na wauguzi. Wengi wao wanaishi na franga ya wagonjwa kwa sababu leta haiwalipi inavyopaswa. Ndiyo maana swali letu linapita mlango wa hospitali na kufika kwa wenye kupanga bajeti.

Sasa, haya yote yanapatikana wapi?

Sheria za Kongo: leganet.cd. Tafuta kwa Kifaransa na kwa namba, si kwa maneno mengi: andika "Loi 18/035 santé publique". Ndiyo sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya mpangilio wa afya ya umma. Angalia pia kama imebadilishwa: hii iliguswa Machi 2023 juu ya kuingiza mpango wa afya kwa wote. Mwenye kusoma ile ya zamani tu anaweza kushindwa kwenye mabishano.

Mikataba ya haki za binadamu: ohchr.org, ukurasa wa Umoja wa Mataifa. Pale tafuta "Observation générale 14" ya mwaka 2000. Inaeleza maana ya haki ya afya kwa kirefu, na inasema wazi kwamba huduma lazima iwe ya bei yenye hata maskini anaweza kuifikia.

Kanuni za magonjwa ya kuenea: who.int, ukurasa wa OMS. Tafuta "Règlement sanitaire international", yaani kanuni za 2005.

Na msiseme hizo ni mambo ya Geneva. Ile aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, hapa hapa Kivu ya Kusini, mwaka 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya dunia nzima, kwa nguvu ya kanuni hizo hizo. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa Septemba 2024. Ugonjwa wetu uliingia katika sheria ya dunia, na sisi wenye kuugua hatukujua hata jina la kanuni. Nani anaamua lini ni dharura? Nani anapashwa kutoa ripoti, na kwa muda gani? Majibu yameandikwa mule.

Kunabaki ukuta mmoja: lugha. Mama mwenye amezuiliwa hasomi Kifaransa cha wanasheria. Na hapa leta iko na deni kwetu. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaagiza serikali kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Sheria 18/035 ya Kiswahili, sisi hatujaiona kwenye ukuta wa hospitali wala kwenye ofisi ya komini. Tunaiomba, na tutaendelea kuiomba.

Tukingojea, kazi ni yetu. Wiki hii, kila mmoja wetu:

1. Apakue Katiba na Sheria 18/035 na kuziweka kwenye simu, ili zisomeke hata mega zikiisha.
2. Asome vifungu vya 17, 47 na 142, kisha avieleze kwa Kiswahili cha nyumbani kwa watu watatu, mama mmoja mwenye mimba akiwa kati yao.
3. Asitume tena odio yenye kusema "sheria inasema" bila namba ya kifungu.

Siku tutasimama mbele ya mlango ule, tusimame na karatasi mkononi. Sauti peke yake wamezoea kuisikia. Namba ya kifungu inawalazimisha kujibu.