Mbao Zimekwisha Kwenda. Je, na Habari Zake Ziende?

Wako wenzetu wasemao kwamba makumbusho ni anasa ya watu walioshiba, na ya kuwa kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao hakina faida ila kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Maneno hayo twayakataa kabisa.

Tazameni Shume, katika milima ya Usambara. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilipasua mbao huko, mahali palipoitwa Neu-Hornow. Mteremko ule ni mkali mno; basi kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikatundika njia ya kamba za chuma, yapata kilometa 9, tokea msituni juu hata Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mbao zikashuka zikining'inia juu ya makorongo. Mti uliotafutwa sana ni mwangati, nao ulikwenda Ulaya kufanywa kalamu za risasi. Sisi walimu twashika kalamu kila siku. Ni wangapi kwetu waijuao habari hiyo?

Mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya Mjerumani, yatuhusu nini?" Je, magogo yale aliyakata nani? Nani aliyeyaburuta? Jina la kampuni limo vitabuni; majina ya wakata miti tutayasoma wapi?

Sisi wa Utemini twasema kwa uchungu, maana hasara ya kusahau twaijua. Reli ya kwanza ya kutoka Manyoni kupita Singida hata Kinyangiri ilijengwa katika miaka ya 1930, ikang'olewa katika miaka ya 1940. Mwambie kijana leo kwamba palikuwa na reli kabla ya hii aionayo: atakucheka, wala huna hata msumari mmoja wa kumwonyesha.

Na gharama si kisingizio. Huko Sigi, karibu na Amani, nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli iliyochukua mbao imetengenezwa, nayo hupokea wageni wa hifadhi na kuwapa habari. Shume nako chumba kimoja chatosha: kipande cha kamba, msumeno, shoka, na masimulizi ya wazee kwa Kiswahili na Kishambaa. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa shule ya karibu, si mjini, ambako mwenye ufunguo huwa safarini daima. Lakini waanze na wazee, kwa daftari na kalamu, kabla fedha yo yote haijaombwa.