Mnyonga baiskeli naye ni mfanyakazi

Mwezi wa Septemba huku Malawi miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na mijakaranda ya Lilongwe huchanua. Anayeyaona hayo ni mnyonga baiskeli; mwenye gari hupita amefunga vioo. Tunaona pia visiki. Kuni za kukaushia tumbaku na mkaa wa mjini vimemaliza miti mingi ya Dowa, na sasa upepo unatupiga kifuani.

Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni kilomita 45 hivi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la kisiasa, ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanazidi 50,000. Mwaka 2023 wakimbizi wa mijini waliamriwa kurudi humo. Je, kijana mwenye kabaza atapata abiria wangapi kambini?

Tunadai aruhusiwe kufanya kazi hadi Lilongwe, na vyama vimwandikishe, awe Mmalawi au Mkongo. Wapo wanaosema atawanyang'anya wenyeji riziki. Maneno hayo tuliyasikia mashambani: wageni wakaondoka, na mshahara haukupanda hata tambala moja.