Nyumba zilizojengwa juu ya bati zipimwe radoni

Mtoto akikohoa usiku kule Kyerwa, mzazi huwaza baridi, vumbi au moshi wa jikoni. Yuko sahihi, na nitarudi hapo. Lakini Kyerwa, pamoja na Karagwe ambako ilimegwa mwaka 2012, ina milima yenye madini ya bati, na penye miamba ya aina hiyo inafaa kuuliza pia kuhusu radoni.

Radoni ni gesi ya asili. Hutokana na urani, ambayo kwa kiasi kidogo imo karibu kwenye kila udongo, na granaiti zinazoambatana na bati mara nyingi huwa nayo zaidi. Haina rangi wala harufu. Nje hupeperuka, ndani hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya, hasa usiku madirisha yakifungwa. Ukiivuta kwa miaka mingi, mionzi yake hujeruhi mapafu na inaweza kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 3 hadi 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi, zinatokana nayo. Kwa mvuta sigara hatari hiyo ni takriban mara 25 ya asiyevuta.

Uingereza wana jimbo la Cornwall, lililochimba bati kwa karne nyingi. Huko ndiko radoni ya majumbani iko juu kuliko sehemu nyingi za nchi hiyo. Mwenye nyumba hutumiwa kwa posta vifaa viwili vidogo vya plastiki, kimoja cha sebuleni na kimoja cha chumbani, vikae miezi mitatu kisha virudi maabara. Kifaa hicho hakihitaji umeme. Mfano huo hauthibitishi kwamba nyumba za Kyerwa zina radoni nyingi, maana hata nyumba mbili jirani zinaweza kutofautiana sana. Unathibitisha tu kwamba kupima kunawezekana.

Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, na halmashauri zinakusanya ushuru wa madini. Kwa maoni yangu, sehemu ya ushuru huo ianze kupima madarasa na nyumba chache karibu na machimbo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo, au 300 pale hali isiporuhusu.

Wakati wake ni sasa, kwa sababu nyumba zetu zinabadilika. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliacha nyufa nyingi Kagera. Nyumba mpya zina madirisha ya vioo yanayobana vizuri. Tena mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Hilo ni jema sana, ila moshi ulikuwa ukitulazimisha kufungua dirisha. Mtungi wa gesi hautulazimishi.

Huna haja ya kusubiri kipimo. Ziba nyufa za sakafu kwa saruji, acha matundu ya hewa juu ya madirisha, fungua nyumba kila asubuhi. Anayejenga aweke nailoni nzito chini ya zege. Huzuia unyevu na hupunguza gesi. Usipige lipu kwa mchanga uliobaki mgodini, wala usilaze watoto chumba chenye magunia ya mawe ya madini.

Sasa kile kikohozi. Radoni haisababishi kikohozi cha leo, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kifua kinachoionyesha. Moshi wa kuni ndio unaokaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto, kwa hiyo mtoto anayepumua haraka au ambaye kifua kinabonyea akipumua apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kijana anayeshuka kwenye mashimo ya bati ni habari nyingine: huko kuna vumbi la mawe, na radoni shimoni huweza kuzidi ya nyumbani. Akikohoa wiki mbili, apimwe kifua kikuu, na amweleze mganga kazi anayofanya hata kama hajaulizwa.