Mlima Si Sababu ya Kuikataa Baiskeli ya Umeme

Ukitaja baiskeli ya umeme mbele ya watu wa Bwera, wilayani Kasese, Uganda, majibu hayachelewi. Utaambiwa hicho ni chombo cha miji ya tambarare. Utaambiwa mlima utaikausha betri kabla hujafika nusu ya njia, kwamba umeme wenyewe hukatika, na kwamba mwenye akili hujikaza akanunua pikipiki, au husubiri watu wa Kampala waijaribu kwanza. Wanaosema hivyo si wajinga, na kila hoja yao ina chembe ya ukweli. Hukumu wanayoitoa ndiyo isiyo sahihi. Nashikilia kwamba vilima vya Bukonzo ni miongoni mwa mahali panapoihitaji zaidi baiskeli hii, na kwamba anayejiandaa kununua ya kwanza ana jambo moja kubwa la kuhofia. Jambo hilo ni betri: ubora wake, na fundi wa kuitengeneza.

Tuanze na mlima, maana ndio unaotajwa kwanza. Kazi ya kupandisha mzigo inapimika. Chukua mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 25 na mzigo wa kilo 30, jumla kilo 120. Kuupandisha uzito huo mita 500 kwenda juu, mwinuko ambao mkulima wa Ihandiro au Kitholhu anaufahamu kwa magoti yake, kunahitaji nishati ya wati-saa 164 hivi. Ongeza inayopotea kama joto ndani ya mota na kwenye msuguano wa njia, unafika kama 230. Betri ya kawaida ya baiskeli, yenye volti 36 na ampea-saa 14, hubeba wati-saa 500 hivi. Maana yake ni kwamba mlima wote huo umekula chini ya nusu ya betri, na bado hatujahesabu msaada wa miguu ya mwendeshaji mwenyewe.

Kisha tuangalie mizigo yetu inaelekea wapi. Kahawa, ndizi na maharagwe vinashuka kutoka shambani kwenda bondeni, hasa Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe. Vinavyopanda jioni ni vyepesi zaidi: sabuni, chumvi, sukari, kitenge kimoja. Pamoja navyo anapanda mwenye baiskeli aliyechoka, akiisukuma kwa mikono kwa sababu baiskeli ya kawaida haimpandishi. Mzigo mzito unateremka kwa uzito wake wenyewe, na mota inahitajika wakati wa kurudi, mzigo ukiwa mdogo. Mtu angetaka kubuni mahali pa kuitendea haki betri ndogo, asingepata mpangilio bora kuliko huu. Hata Uswisi, nchi ya milima ya Alpi, zaidi ya thuluthi moja ya baiskeli mpya zinazouzwa ni za umeme.

Chembe ya ukweli katika hoja ya mlima iko kwenye aina ya mota. Mota nyingi za bei nafuu hufungwa kwenye habu ya gurudumu. Hizo hufanya kazi vizuri zikizunguka kwa kasi. Ukizilazimisha kupanda mwinuko mkali polepole, umeme mwingi hugeuka joto, na mota inaweza kuungua. Mota iliyofungwa katikati, penye kranki, husukuma cheni, kwa hiyo hufaidika na gia zilezile zinazokusaidia wewe: ukiweka gia nyepesi, mota nayo hupumua. Bei yake ni kubwa zaidi, na cheni huchakaa upesi. Kwa anayeishi Mpondwe na kuzunguka bondeni tu, mota ya habu inatosha. Kwa anayelala juu mlimani, mota ya katikati ndiyo yake.

Kuna imani nyingine inayokwenda kinyume na ile ya mlima kuikausha betri, nayo ni ya hatari zaidi: kwamba ukiteremka, betri inajichaji yenyewe. Baiskeli nyingi za umeme haziwezi kufanya hivyo kabisa, na zinazoweza hurudisha kiasi kidogo tu. Unapoteremka na gunia la kahawa, usalama wako uko kwenye breki, na breki ya kawaida ya mpira unaobana rimu haitoshi, hasa mvua ikinyesha. Tafuta breki za diski mbele na nyuma. Kama huna uwezo wa kununua mota nzuri pamoja na breki nzuri, anza na breki.

Sasa umeme. Ni kweli hukatika, na wakati wa mvua hukatika zaidi. Lakini baiskeli haiombi umeme wa saa fulani. Chaja yake ya kawaida hula wati 80 au 100, na hujaza betri kwa saa tano au sita, usiku au mchana, mfululizo au kwa vipande. Betri yenyewe, yenye uzito wa kilo tatu au nne, huchomolewa na kubebwa mkononi hadi dukani, shuleni au kwa jirani mwenye sola. Hata ukikadiria shilingi 800 kwa uniti, kuijaza hakufiki shilingi 500.

Na tusizungumze kana kwamba umeme ni kitu cha kuletewa kutoka mbali. Mto Lubilia, uliopo hapa mpakani na Kongo, una kituo cha megawati 5.4 kilichoanza kazi mwaka 2018. Mto Nyamwamba una cha megawati 9.2. Maji ya Mubuku yanazungusha mitambo kadhaa, ukiwemo ule wa Bugoye wa megawati 13 uliofunguliwa 2009. Mwaka 2012 wilaya ya Kasese, ikishirikiana na shirika la WWF, ilijiwekea lengo la kuzifikishia kaya zake zote nishati safi, na tangu hapo biashara ya paneli za sola imekuwa jambo la kawaida. Paneli ya wati 200, siku ya jua la kawaida, inaweza kuijaza betri ya baiskeli. Petroli kwa upande wake inashushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, inapita Kampala, kisha inakata zaidi ya kilomita 400 nyingine hadi kutufikia. Katika vitu hivi viwili, kinachotoka mbali ni kipi?

Hoja ya pikipiki ina uzito wake. Kwa mtu anayesafirisha abiria, au anayekwenda Kasese mjini mara kwa mara, kilomita kama 50 kwa kupitia Kikorongo pembezoni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, baiskeli ya umeme haifai, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Lakini safari nyingi za hapa si hizo. Ni kilomita nne kwenda sokoni, sita kwenda shambani, tano kwenda Hospitali ya Bwera kumwona mgonjwa. Kwa safari kama hizo, kununua pikipiki ya milioni tano na zaidi, kulipia leseni ya udereva na bima, halafu kuinywesha petroli kila siku, ni kugharimia nguvu ambayo huitumii. Na pikipiki ya umeme, ambayo baadhi wanaisubiri, imejengwa juu ya mtandao wa vituo vya kubadilishia betri. Mtandao huo ulianzia Kampala, na pikipiki ya namna hiyo huwezi kuitegemea mahali pasipo na kituo. Baiskeli ina uhuru kwa sababu betri yake ni ndogo. Na ikikuzimikia njiani, pedeli bado zipo.

Wapo pia wanaosema mtu mzima aliyetoka kwenye pikipiki akarudi kwenye baiskeli ameshuka hadhi. Watu wa mpakani hatuna sababu ya kuamini hilo. Boda boda yenyewe ilianza kama baiskeli, kule Busia, kwenye miaka ya 1960, ikivusha watu na bidhaa kati ya Uganda na Kenya. Ng'ambo yetu, Kivu ya Kaskazini, chukudu, chombo cha mbao cha kusukuma, imebeba makaa, viazi na saruji kwa miongo mingi, na Goma wameijengea sanamu. Magurudumu mawili yasiyo na injini yamelisha familia nyingi za ukanda huu. Tena baiskeli yenye fremu ya chini humfaa mwanamke mwenye gauni au kitenge, naye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mazao yetu kwa kichwa na mgongo. Tukiihesabu hadhi, tuanze na yeye.

Nimesema hofu halisi ni betri, na sasa niieleze kwa hesabu. Tuseme betri nzuri ya wati-saa 500 imegharimu shilingi milioni 1.2, nayo inadumu chaji 600 kabla ya kuchoka. Kila chaji imekula shilingi 2,000 za uhai wake. Ongeza 500 za umeme: 2,500. Katika njia za milima, chaji hiyo itakupeleka kilomita 20 hivi. Pikipiki kwenye kilomita hizohizo itakunywa zaidi kidogo ya nusu lita, na petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, hiyo ni kama 2,800. Tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotangaza. Lakini betri ikidumu chaji 1,200, gharama yote inashuka hadi 1,500, na hapo baiskeli imeishinda pikipiki kwa mbali. Na ukinunua betri duni ya shilingi 600,000 ikafa baada ya chaji 200, kila chaji imekugharimu 3,500, ghali kuliko petroli. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: betri hii ni ya aina gani? Ya risasi na asidi ni nzito na huchoka mapema, iache. Betri za lithiamu ziko za aina mbili kuu. Moja hutumia nikeli, manganizi na kobalti, nayo ni nyepesi, lakini hudumu chaji mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Nyingine hutumia chuma na fosfeti. Hiyo ni nzito kidogo, lakini huvumilia joto zaidi na inaweza kupita chaji 2,000. Kwa baiskeli ya kazi ya milimani, mimi ningechagua ya chuma na fosfeti, hata kama bei yake inauma siku ya kulipa.

Swali la pili: seli zikichoka, au kontrola ikiungua, nani atatengeneza, na wapi? Muuzaji akikujibu kwamba betri yake haiharibiki, ondoka. Akikutajia fundi aliye Kampala, hesabu nauli na siku za kukaa bila chombo. Ulizia dhamana ya maandishi, ulizia bei ya betri ya akiba kabla ya kulipia baiskeli, na uhakikishe tairi, cheni na spoku ni za saizi ambazo fundi wa Mpondwe anazo tayari.

Moto nao haufai kupuuzwa. Februari 2024 jengo la makazi mjini Nanjing, China, liliungua na watu 15 wakafa, na chanzo kilihusishwa na mahali palipoegeshwa baiskeli za umeme. China ina baiskeli hizo zaidi ya milioni 300, kwa hiyo ajali kama hiyo haithibitishi kwamba chombo hiki hakifai. Inachofundisha ni nidhamu: tumia chaja iliyokuja na betri, usichaji betri iliyoanguka au kulowa, na usichaji katika chumba cha kulala wala mlangoni pa kutokea.

Mwisho, usinunue kabla ya kuipandisha mlima wako mwenyewe, ukiwa na mzigo wako mwenyewe. Muuzaji akikataa, amekujibu. Shika mota kwa mkono baada ya kufika juu uone joto lake. Teremka polepole ukipima breki. Zima umeme kisha ukanyage pedeli uone kama uzito wake unaumudu.

Wa kununua leo ni mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye safari zake hazizidi kilomita 20 kwa siku, mwenye pa kuchajia, na aliyepata jibu la kuridhisha kuhusu fundi. Wa kungoja ni anayebeba abiria, anayekwenda mbali, au anayeuziwa betri isiyojulikana ilikotoka. Na kwa kuwa jibu la fundi ndilo gumu kuliko yote, naviomba vyama vyetu vya kuweka na kukopa na vyuo vya ufundi vya Kasese viwafundishe vijana kufungua, kupima na kubadilisha seli za betri. Vijana wenye mikono inayofaa wapo tayari, wanatengeneza simu na redio kila siku hapa Bwera. Wapewe vipimo na mafunzo, na sababu kubwa ya kusubiri itakuwa imeondoka.