Acheni Kuwaua Mahausigeli

Ndugu chipukizi wenzangu wa Mbeya na Iringa, hebu tuambizane ukweli. Tamthilia zetu zimekuwa mazishi ya zamu. Binti anapandishwa basi Mafinga, anakuwa hausigeli Dar es Salaam, baba mwenye nyumba anampa mimba, anafukuzwa, anakunywa sumu. Pazia! Ukimuuliza mwandishi kwa nini, anakujibu: "Mazingira."

Jibu hilo lina babu yake Ulaya, anaitwa uasilia. Mfaransa Émile Zola alitangaza mwaka 1868 kwamba wahusika wake katika Thérèse Raquin wanaendeshwa na damu na neva, hawana hiari. Mwaka 1888 August Strindberg wa Sweden akaandika Fröken Julie, na katika utangulizi akarundika sababu za kuanguka kwa binti huyo wa kabaila: mama yake, malezi ya baba, usiku wa sikukuu. Mwishoni Julie anatoka na wembe mkononi.

Nyie mmeukariri wembe tu. Rudini jikoni, maana tamthilia nzima inatokea jikoni. Humo yumo Kristin, mpishi. Katika utangulizi Strindberg kamwita mtumwa aliyedumazwa na jiko. Lakini asubuhi, wakati Julie na mtumishi Jean wanapanga kutoroka, Kristin anayekwenda kanisani anasema atamwagiza mtunza farasi asimpe mtu farasi. Mnaona? Mwandishi kamdharau kwenye utangulizi, lakini jukwaani kafunga njia!

Hata kwetu lipo somo. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) anabanwa na pepo, kisha na vita asivyoweza kuvizuia. Lakini mwishoni, anapotakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Kukataa huko ni kwake mwenyewe.

Mtasema umaskini ni kweli. Kwani nani kabisha? Mama anayeuza ndizi Mwanjelwa anaujua kuliko sisi tunaouandika. Umaskini unapunguza milango, sawa, lakini kila asubuhi mama huyo anaamua nani amkopeshe na nani amnyime. Mbona kwenye miswada yenu haamui kitu?

Tajiri kamnyima hausigeli mshahara. Wewe mwandishi unamnyima hata neno la kukataa. Tofauti yenu iko wapi?

Basi, andikeni upya onyesho la mwisho. Mwacheni binti asimame sebuleni adai chake. Akishindwa hapo, tutalia naye, na machozi hayo yatakuwa ya haki.