Wapiga picha Nyanda za Juu wapige hesabu kabla ya kupiga hatua

MSIMU wa harusi katika mikoa ya Mbeya na Iringa hufuata mavuno. Mahindi yakishaingia ghalani, mpunga wa Kyela na Usangu ukishapata wanunuzi na kahawa ya Mbozi ikianza kulipwa, kadi za michango nazo huanza kutembea. Kuanzia Juni hadi Desemba mpiga picha mwenye jina pale Mwanjelwa au Miyomboni huikosa Jumamosi ya kupumzika. Kisha mvua hushika, wakulima hurudi shambani, fedha hugeuka kuwa mbegu na mbolea, Kwaresima nayo huingia, na studio zilezile hubaki zikingoja picha ndogo za fomu za shule.

Kwa hiyo, suala la kuhamia kwenye matoleo mapya ya programu za kuhariri picha, ambalo linawaumiza vichwa wenye studio wengi wa kanda hii, si la ufundi peke yake. Ni suala la mzunguko wa fedha. Programu mpya hudai malipo kila mwezi, wakati mteja wa mpiga picha wa Nyanda za Juu Kusini hulipa kwa msimu.

Hali haikuwa hivyo zamani. Photoshop, programu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Toleo la 7 lilipotoka mwaka 2002, likifuatiwa na yale ya CS kuanzia mwaka 2003, wapiga picha walikuwa bado wanahesabu picha 36 za mkanda na kungoja zisafishwe. Kamera za dijitali zilipoenea, kompyuta ikachukua nafasi ya chumba cha giza. Aliyenunua programu wakati huo alilipa mara moja, ikawa yake mpaka kompyuta ife. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba baada ya CS6, iliyotoka mwaka 2012, matoleo mapya yangepatikana kwa kukodi tu. Lightroom, inayopendwa na wapiga picha wa harusi kwa sababu inashughulikia mamia ya picha kwa pamoja, ilikuja mwaka 2007, na toleo lake la mwisho la kununua moja kwa moja lilitoka mwaka 2015.

Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Kilolo anaielewa habari hii bila kufundishwa. Mbegu ya kienyeji aliitenga mwenyewe juu ya dari, akaipanda mwaka uliofuata bila kumlipa mtu. Mbegu chotara lazima irudiwe dukani kila msimu. Hata hivyo wakulima wengi wameikubali, na hawakuikubali kwa sababu ya mfuko wake kung'aa. Waliikubali baada ya kuona magunia yameongezeka kwa kiasi kinacholipa bei ya mbegu na kubakiza chochote. Mpiga picha naye anapaswa kuuliza swali hilohilo: magunia yataongezeka?

Tuanze na bei. Kwa miaka mingi mpango wa wapiga picha wenye Photoshop na Lightroom uliuzwa dola 9.99 za Marekani kwa mwezi. Januari 2025 mpango huo ulifungwa kwa wateja wapya, na anayeingia sasa na kutaka programu zote mbili anaelekezwa kwenye ule wa dola 19.99. Kwa mwaka ni karibu dola 240. Dola moja ikikadiriwa kuwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 600,000, kabla ya kodi na makato ya benki.

Kwa studio inayofanya harusi 30 kwa msimu, hiyo ni shilingi 20,000 kwa kila harusi, fedha ambayo haifikii hata nauli ya kwenda na kurudi kwenye baadhi ya sherehe. Kwa studio yenye harusi sita, mzigo unafika shilingi 100,000 kila harusi. Programu ni moja na bei ni moja, lakini kwa wa kwanza ni matumizi ya kawaida na kwa wa pili ni jeraha. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni huyu wa pili kumwiga wa kwanza, kwa kuwa wote wawili wanakutana ukumbini na kutazamana kamera.

Yapo mambo ambayo matoleo mapya yanayafanya vizuri kweli, na si haki kuyabeza. Sherehe nyingi hufanyika usiku, katika kumbi zenye taa za rangi zinazowaka na kuzima, na picha zake hujaa chengachenga. Aprili 2023 Lightroom iliongezewa uwezo wa kuondoa chenga kwa kutumia akili mnemba, na kwa picha za ukumbini matokeo yake yanaonekana kwa macho bila kuelezwa. Picha iliyokuwa ya kutupwa inaingia kwenye albamu. Vilevile kuchagua uso au anga ndani ya picha, kazi iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kwa kipanya, sasa hufanyika kwa kubonyeza mara moja. Kwa mwenye picha 1,500 za Jumamosi na mteja anayepiga simu tangu Jumatatu asubuhi, muda huo ni fedha.

Tatizo ni kwamba sifa hizo hazifanyi kazi kwenye kila kompyuta. Photoshop ya sasa inataka RAM isiyopungua GB 8, na inakwenda vizuri zaidi ikiwa na GB 16. Kuondoa chenga kunahitaji kadi ya grafiki yenye nguvu, la sivyo picha moja itamkalisha mtu dakika nyingi. Kompyuta yenye Windows 7 haiipokei kabisa. Hata Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025, maana yake kwa kawaida haipati tena marekebisho ya usalama. Kompyuta nyingi za studio za mikoani ni zile zilizotumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika hapa. Anayesema anahama programu, mara nyingi bila kujua, anasema pia ananunua kompyuta.

Aidha, ule uwezo wa kujaza au kufuta vitu kwenye picha kwa maelezo ya maneno, ulioingizwa kwenye Photoshop mwaka 2023, haufanyiki ndani ya kompyuta ya studio. Picha husafiri kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni na kurudi. Mjini Iringa hilo linawezekana kwa gharama ya bando. Kwa mpiga picha wa Makete au Ileje, ambaye naye anahudumia harusi na kipaimara za wanakijiji wenzake, sifa hiyo ni ya kwenye matangazo.

Kuna hoja nyingine inayotolewa na wanaotaka kuhama, nayo ni ya kweli kwa sehemu: kamera mpya hutoa faili ghafi ambazo programu za zamani hazizifungui. Canon, kwa mfano, ilianza kutumia aina mpya ya faili ghafi mwaka 2018, na Photoshop ya CS6 haizitambui. Lakini si lazima dawa iwe ya kulipia. Adobe yenyewe hutoa bure programu ya kubadili faili hizo ziwe za DNG, ambazo matoleo ya zamani huzisoma. Canon na Nikon nazo hutoa bure programu zao za kusafishia faili za kamera zao. Wengi wenye kamera hizo hawajawahi kuzipakua.

Wala si lazima mtu abaki kwa Adobe. GIMP imekuwa ikitolewa bure tangu miaka ya 1990, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Darktable, nayo ya bure, inafanya kazi zinazofanana na za Lightroom. Affinity, ambayo kwa miaka kadhaa iliuzwa kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa na kampuni ya Canva ya Australia mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatangazwa kuwa ya bure, isipokuwa sehemu zake za akili mnemba. Kikwazo cha hizi zote ni kujifunza upya. Vidole vilivyozoea Photoshop kwa miaka 15 havihami kwa wiki moja, na asiwepo wa kumdanganya mtu kwamba vinahama. Hapa ndipo VETA na SIDO, zinazofanya kazi katika mikoa yote miwili, zingeweza kusaidia kwa kozi fupi za miezi ile ya mvua ambayo studio hazina kazi. Kozi ya wiki mbili Februari ingewafaa wapiga picha hawa kuliko semina nyingi za ujasiriamali wanazoalikwa.

Njia iliyozoeleka zaidi, kila mmoja anaijua na hakuna anayependa kuizungumzia, ni ya programu iliyochakachuliwa, inayohama kwa flashi kutoka stationery moja hadi nyingine. Wanaoitetea husema bei ya wenye mali haikupangwa kwa kipato cha Mbeya. Ni kweli haikupangwa hivyo. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na sheria hiyohiyo ndiyo inayolinda picha. Mpiga picha anayelalamika kwamba picha yake ya Ruaha au ya mashamba ya chai ya Mufindi imewekwa kwenye bango la mtu bila malipo, anaegemea ukuta uleule anaoubomoa usiku. Zaidi ya hayo, programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi, na studio inayopoteza picha za harusi haina namna ya kuwarudisha maharusi kanisani.

Hilo linaleta jambo la vipaumbele. Studio isiyo na diski ya pili ya kuhifadhia nakala za kazi za wateja haijafika mahali pa kujadili programu mpya. Isiyo na UPS pia haijafika, kwa kuwa umeme unaweza kukatika picha ya 900 ikiwa inatoka. Mgao wa mwaka 2022 na 2023 ulitosha kuwa somo, na hata baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, kukatika kwa ghafla mitaani hakujaisha. Shilingi 600,000 za mwaka wa kwanza zingenunua vitu hivyo kwanza.

Kwa studio yenye kazi za kutosha, ambayo kompyuta yake inahimili, kukodi ni uamuzi wa busara, mradi asaini akijua anachosaini. Mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi si mpango wa mwezi. Anayeuvunja baada ya siku 14 za mwanzo anaweza kudaiwa nusu ya kilichobaki, na Juni 2024 Serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa machoni pa wateja. Mtu akidhani atalipia Juni hadi Desemba na kusimamisha wakati wa mvua, ajue kwamba mkataba huo haujui mvua. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba Lightroom ya kompyuta ikiisha muda haifungi picha za mtu; huendelea kuzionyesha na kuzitoa, ila sehemu ya kuzihariri hufungwa.

Wateja nao wana neno lao. Urahisi wa programu mpya umezaa mtindo wa kulainisha na kung'arisha nyuso zote kwa kitufe kimoja, hadi bibi harusi wa Tukuyu anatoka kwenye albamu akiwa na ngozi ambayo mama yake mzazi haitambui. Wapo wanaoupenda mtindo huo na wanaulipia. Lakini malalamiko yapo, na kifaa chenye nguvu mkononi mwa fundi mwenye haraka hueneza kosa kwa picha 1,500 badala ya moja.

Adobe hutoa majaribio ya siku saba bila malipo. Wengi huyafungua siku ambazo hawana kazi, wakachezea picha mbili tatu za zamani, wakavutiwa, na siku ya nane fedha ikakatwa kwenye kadi. Majaribio yenye maana ni ya wiki ya harusi kamili, Agosti au Septemba, kwa kompyuta ileile ya studio na bando lilelile, saa zikiandikwa kwenye daftari tangu picha ya kwanza kuingia hadi albamu kukabidhiwa. Daftari hilo likilinganishwa na la harusi iliyotangulia litaonyesha kama siku zimepungua, na kama katika siku hizo zilizookolewa ipo kazi nyingine ya kulipwa inayosubiri mlangoni.